Jina Lililotafuta Mwenyewe

Pale Garissa, wenzangu, jina ulilopewa siku ya saba ni la cheti na la msikitini. Jina la kuishi nalo unapewa na watu, na hawakuombi ruhusa. Ukichechemea wiki moja kwa sababu ya mwiba, basi wewe ni fulani Kiguru mpaka uzikwe, na mwanao mwenye miguu yake mizima ataitwa mwana wa Kiguru. Rahmo alilijua hilo tangu utotoni. Marehemu baba yao aliwahi kusinzia kwenye baraza la wazee, mara moja tu maishani mwake, na wao wakakua wakiitwa watoto wa Usingizi. Usingizi! Na Rahmo mwenyewe hata kukaa kitako hajui.

Alikuwa muuza maziwa ya ngamia sokoni. Wanawake wenzake walikaa nyuma ya jerikeni zao, kanga begani, wakipepea nzi na kusubiri riziki. Yeye alisimama. Akifungua kifuniko, akinusa, akifunga. Akienda mpaka kwenye kona kuangalia kama wateja wanakuja, akirudi kabla hawajafika. Ugbad, jirani yake wa pale sokoni, alikuwa akisema mahali pa Rahmo hapahitaji mkeka, panahitaji reli.

Mwisho wa mwaka wa tisini na saba zikaja zile mvua zilizoitwa El Nino. Barabara zikakatika, malori yakazama kwenye matope na matairi yake. Baada ya mvua ikaja homa, ikaua mbuzi, ikaua ng'ombe, ikafika hata kwa watu. Watu wakaogopa nyama, wakaogopa maziwa. Rahmo akawa anarudi nyumbani na jerikeni imejaa kama alivyoondoka nayo. Hapo ndipo alipoanza kupaza sauti. Homa ilipokwisha, sauti ilibaki.

"Maziwa ya ngamia! Dawa! Dawa ya tumbo, dawa ya mgongo, dawa ya moyo uliovunjika!"

"Na dawa ya mdomo mrefu unayo?" Ugbad alimchokoza.

"Ilikuwepo. Uliinywa yote wewe, na haikukusaidia."

Basi wateja wakacheka, na mtu akishacheka mbele ya jerikeni hukosi kumpimia kikombe.

Maziwa yenyewe aliletewa na mdogo wake, Bishar. Wakati malori yalipokwama, Bishar alifunga jerikeni nne kwenye baiskeli yake nyeusi, akaenda kwa wafugaji upande wa Bura na kurudi. Palipokuwa na tope aliibeba baiskeli mabegani, jerikeni na vyote. Barabara ilipokauka aligundua kwamba miguu yake imekuwa miguu mingine. Watu wakamwita Bishar Jerikeni, naye akalipenda jina hilo kama mwingine apendavyo kanzu mpya. Ni jina alilolipata kwa mgongo wake mwenyewe, akawa ametoka kwenye Usingizi wa baba.

Julai ya mwaka uliofuata, kampuni moja ya majani ya chai ikaja na mashindano. Baiskeli kutoka Bura hadi uwanjani Garissa. Mshindi angechukuliwa kwenye timu yao Nairobi, aendeshe baiskeli kwa mshahara, avae jezi yenye jina la chai yao mgongoni. Kazi ya kulipwa kwa kukanyaga pedali! Bishar hakulala vizuri tena. Rahmo, ambaye hata siku za kawaida hatulii, sasa akawa anazunguka hata ndani ya nyumba.

Aliyeleta habari za ulimwengu pale sokoni ni Awil, mwenye baiskeli za kukodisha, kijana mwenye kasi na redio. Naye aliingia mashindanoni. Jioni moja alikuja sokoni macho yamemtoka.

"Mmesikia ya Ufaransa? Yale mashindano makubwa ya baiskeli yameharibika. Polisi wameingia mpaka hotelini. Timu nzima imefukuzwa. Wamekutwa na dawa."

"Maskini, wanaumwa nini?" aliuliza Ugbad.

"Hawaumwi. Wazima kabisa."

"Mtu mzima dawa ya nini?"

"Ya kwenda mbio."

"Hiyo si dawa," alisema Ugbad. "Hiyo ni mjeledi."

Rahmo alikuwa anapima maziwa. Alisikia kwa sikio moja, na sikio hilo lenyewe lilikuwa na shughuli.

Siku ya mashindano aliamka kabla ya adhana. Akachukua kibuyu, akakifukiza kwa kijinga cha moto kama mama yake alivyomfundisha, mpaka moshi ukaingia kwenye ngozi ya kibuyu. Maziwa yakikaa humo hayaharibiki upesi, tena yanapata ile ladha ya moshi ambayo mtu wa huko akiikosa anasema hajanywa kitu. Akamjazia mdogo wake chupa ya kufunga kwenye baiskeli. Hakunywa chai. Alienda uwanjani jua likiwa bado halijajua litafanya nini, akawa anatembea kwenye mstari wa mwisho huku na huku mpaka mgambo akamwomba, "Mama, utaufuta mstari."

Msimamizi aliyetoka Nairobi alikuwa mtu wa makamo, mpole, firimbi shingoni. Hata hakuwa amemaliza siku moja mjini, tayari alikuwa anaitwa Firimbi.

Bishar alikuja wa kwanza. Vumbi mpaka kwenye kope. Awil alikuwa nyuma yake, karibu kabisa, lakini nyuma. Uwanja ukalipuka, wanawake wakapiga vigelegele, na Rahmo akajikuta amekumbatia mgambo.

Ndipo Firimbi akaichomoa ile chupa kwenye baiskeli. Wakubwa zake walikuwa wamempigia simu: kwa yanayotokea Ufaransa, angalia chupa za watu. Akaifungua, akanusa, akarudisha kichwa nyuma. Akamimina kidogo kiganjani. Maziwa, ndiyo, lakini yana harufu ya moshi, na ndani yake zinaelea chembe nyeusi.

"Kijana, hiki ni nini?"

Bishar alikuwa ameinama, mikono magotini, anatafuta pumzi. Hakuweza kujibu. Rahmo akapenya katikati ya watu. Kwa watu wake alisema Kisomali, lakini kwa mgeni alitoa Kiswahili chake cha sokoni, kile ambacho p hugeuka b na v hugeuka f.

"Hiyo chuba ni yangu! Mimi ndiyo nimembatia. Ni dawa!"

"Dawa?"

"Dawa kabisa! Uliza mtu yeyote Garissa!"

Ulimi uliozoea njia haumuulizi mwenye nao. Neno lilipotoka watu wakageukiana, na hapo Rahmo akaisikia tena habari ya Awil ya jioni ile, sasa kwa masikio yote mawili.

"Mmesikia wenyewe," alisema Awil, bado yuko juu ya baiskeli. "Maziwa tunayajua. Kilichotiwa ndani ndicho hatukijui."

Firimbi akafunga chupa. Akasema hatatoa zawadi. Atalala mjini, atazungumza na wakubwa wake, na kesho alasiri atatoa uamuzi hapo hapo. Watu wakatawanyika wakizungumza, na kabla Bishar hajafika nyumbani watoto wa mtaani walikuwa wameshapata jina.

"Bishar Dawa! Bishar Dawa!"

Nyumbani aliiegemeza baiskeli ukutani, akakaa chini akiitazama.

"Abaayo, umeniua," alimwambia dada yake.

"Walaal, mimi nilimaanisha..."

"Najua ulimaanisha nini. Mimi najua. Haya, nenda kawaambie wale." Sauti za watoto zilikuwa zinapita nje ya ua. "Timu nikiikosa, Mungu ana nyingine. Lakini nikioa, nikazaa, mwanangu ataitwa mwana wa Dawa. Ataulizwa, baba yako alifanya nini? Ataambiwa, aliiba ushindi. Jina hapa linafutwa na nini?"

Rahmo aliinuka. Alifika mlangoni, akarudi, akafika mlangoni tena. Alijua jina likilala mjini siku mbili, ya tatu linaamka na mizizi.

Asubuhi yakamkuta makubwa zaidi. Alipofika sokoni, vijana walikuwa wamejipanga foleni mbele ya mahali pake, foleni ambayo hajaiona tangu azaliwe.

"Eeddo, shangazi, nipe ile ya Bishar."

"Ile gani?"

"Ile ya mbio." Na jicho moja likakonyezwa.

"Ni maziwa tu!"

"Ndiyo, eeddo, ndiyo. Maziwa tu. Nijazie."

Ugbad alicheka mpaka akashika ubavu. "Wauzie, mwanamke! Riziki imekuja na miguu yake."

Lakini Rahmo aliona wazi: kila kikombe atakachouza ni shahidi mwingine dhidi ya mdogo wake. Akafunga vifuniko. Akachukua kibuyu kimoja na kikombe, akaondoka mbio mbio mpaka nyumba ya wageni alikofikia Firimbi. Alimkuta barazani, na Awil yuko naye, amekuja kueleza malalamiko yake.

"Shikamoo, baba," alisema Rahmo. "Jana nilisema fibaya. Dawa ni kelele ya biashara. Kama fundi anasema kiti chake ni cha mfalme. Basi kunywa, uone mwenyewe."

Awil akapokea kwanza, akanywa nusu kikombe, akalamba midomo. "Haya ni maziwa," akakiri. "Lakini ya leo."

"Jana na leo kibuyu ni kile kile!"

Firimbi alikuwa mtu wa haki, na mtu wa haki akikaribishwa hawezi kukataa. Akanywa kikombe kizima. Hakuwa amewahi kuonja maziwa ya ngamia maisha yake yote. Wenyeji wote wanajua yanavyomfanya mgeni mara ya kwanza, na hata Rahmo alijua, ila siku hiyo akili yake ilikuwa inakimbia mbele ya kichwa.

Alipopita tena karibu na adhuhuri, kiti cha barazani kilikuwa kitupu. Awil alikuwa pale, anafuta machozi ya kicheko.

"Yuko wapi?" aliuliza Rahmo.

"Chooni, alipo ndipo alipokuwa tangu asubuhi. Anatoka, anasema neno moja, anarudi. Eh, Rahmo! Ulikuja kumwonyesha si dawa?"

Rahmo alishika kichwa. Alizunguka ile nyumba ya wageni, akazunguka tena, akimwomba Mola amfungie yule mtu wa watu tumbo lake na amfungulie moyo wake.

Alasiri uwanja ulijaa kuliko siku ya mashindano yenyewe. Firimbi alisimama mbele, amepauka, mkono mmoja umeshika mlingoti.

"Ndugu zangu," alisema, "leo asubuhi nimekunywa kikombe kimoja cha kile kilichokuwa kwenye chupa. Kimoja tu. Tangu wakati huo sijaweza kukaa kwenye kiti cha kawaida, sembuse kiti cha baiskeli, na kutoka Bura! Mtu anayetaka kuiba ushindi hatamnywesha mwendeshaji wake kitu kama hicho. Kama kijana huyu alikunywa karibu chupa nzima akafika hapa, ameshinda kwa miguu yake."

Kicheko kilichopanda pale kilifukuza kunguru mitini. Hata Awil alimshika Bishar mkono. Firimbi akangoja watulie, kisha akashusha sauti. Wakubwa zake Nairobi, akasema, wamesikia mno habari za Ufaransa. Hawataki tena jina la chai yao mgongoni mwa mwendesha baiskeli yeyote, mwema wala mbaya. Timu imevunjwa kabla ya kuanza. Ushindi ni wa Bishar, na jezi hii achukue, lakini kazi hakuna.

Bishar akaipokea kwa mikono miwili. Alikuwa amejiandaa. Kitu ambacho hakujiandaa nacho ni watoto, ambao sasa walikuwa wanaruka kwa furaha kumzunguka.

"Bishar Dawa kashinda! Bishar Dawa! Bishar Dawa!"

Hawakumtukana tena. Walimsifu. Rahmo akaona taya la mdogo wake likikaza, akaelewa kwamba hukumu ya Firimbi imesafisha chupa na haikugusa jina. Neno lilisharushwa juu, na neno likirushwa Garissa haliwezi kurudi tupu. Lazima litue kichwani kwa mtu.

Akapanda juu ya kreti.

"Nyinyi!" alipaza ile sauti yake ya sokoni. "Nani alisema dawa? Bishar alisema? Kinywa chake kilikuwa kinatafuta hewa! Jina la watu mnampa mtu mwingine, hamna haya? Kibuyu ni changu, moshi ni wangu, neno ni langu. Dawa ni mimi!"

Watu wakatazamana. Jina halitolewi na mwenyewe. Lazima watu wakubali. Rahmo alisimama juu ya kreti, miguu inamchoma, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakusogea.

"Sasa hiyo ndiyo kweli," ikatoka sauti ya Ugbad nyuma. "Rahmo Dawa. Anatupigia kelele kila asubuhi, mbona hatukumwita hivyo zamani?"

"Rahmo Dawa," mtu mmoja akalijaribu mdomoni, kama anaonja chumvi.

"Rahmo Dawa!" watoto wakalidaka. Lilikuwa tamu zaidi, na mwenyewe yuko juu ya kreti, anaonekana vizuri.

Awil akamgeukia mshindi. "Haya, Jerikeni, kesho unaleta maziwa au umeshakuwa mkubwa?"

Bishar akacheka, kwa mara ya kwanza tangu jana. "Naleta."

Kesho yake alifika sokoni jua likipanda, jezi ya chai mwilini, jerikeni nne nyuma. Akazishusha moja moja mbele ya dada yake.

"Abaayo," akasema polepole, "wanao sasa wataitwa nani?"

"Watoto wa Usingizi walikua," alisema Rahmo, akifungua kifuniko, akinusa, akifunga. "Na hao watakua. Sogea, unaniziba wateja."

Akaenda mpaka kwenye kona, akarudi, akajaza kifua hewa, akaita neno lake.