Maji Yako Sehemu ya Nne

Wizara ilitamka kwamba hakuna mzee atakayepangiwa jambo kabla ya kusikilizwa. Basi afisa ustawi mmoja, anayesomea shahada ya pili ya sera za jamii huku akiunyemelea ukurugenzi, akaketi kumsikiliza bibi yake, hojaji mapajani. Bibi, mguu wake mbovu juu ya kigoda, alimtazama mjukuu wake kwa udadisi: sauti hii ya kutangaza vifo ameitoa wapi, na mbona analamba kidole kabla ya kila swali?

“Mume wangu, hebu niletee maji, koo limenikauka.”

“Tutafika, bibi. Maji yako sehemu ya nne.”

“Haya. Nisife sehemu ya tatu tu.”

Walipoifikia ya nne, bibi alikuwa ameshajikongoja jikoni na kurudi na kikombe. Mjukuu akaandika kwamba maji yanapatikana kwa urahisi.