Jedwali la Maji la Mwalimu Amemiya

Ulimwengu mzima, pamoja na tarafa zake zote, unatangaziwa kwamba Profesa Kenjiro Amemiya, bingwa wa hisabati kutoka Japani, anaishi milimani juu ya Makanya na ana mbuzi wanne. Tafadhali simameni.

Akiwa na miaka thelathini na mmoja alithibitisha jambo kuhusu namba ambalo watu kama kumi duniani walilielewa. Wakamshangilia. Miaka sita baadaye akagundua kosa lake mwenyewe, ukurasa wa arobaini. Akalitangaza mbele ya maprofesa mia tatu, akajiuzulu. (Hapa kwetu nawajua waliokosea tangu ukurasa wa kwanza na bado ni waheshimiwa.) Akaja kufundisha sekondari Same, akamwoa Zipora wa huku kwetu, akastaafu shambani.

Mwaka huu Zebedayo, mwenyekiti wa ndiva, lile bwawa letu la kugawia maji kwa zamu, akamwomba apange zamu kisayansi. Mwalimu akapima mashamba, mteremko, hata kiu ya udongo. Jedwali likabandikwa. Zebedayo akaongeza sheria yake: kubadilishana zamu marufuku.

Dorkas, mkulima mwenzetu, akapangiwa Jumamosi. Dorkas ni Msabato.

Jumamosi tatu maji yake yakampita, yakateremka shambani kwa Zebedayo. Mahindi ya Dorkas, ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, yakaanza kujikunja. Ijumaa iliyofuata akatokea ndivani na jembe begani. Hata mfungua maji akaacha kutafuna muwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Leo ama nipate maji, ama nikuzike kwenye mfereji."

Zebedayo akanong'ona: "Usikubali kosa, Profesa. Utatuaibisha. Sema hesabu ndiyo imekataa."

Mwalimu akalitazama jedwali. Akalitazama tena. Jembe likashuka begani, likashikwa kwa mikono miwili.

"Nimekosea," akasema. "Nilihesabu kila kitu, Sabato nikaisahau. Leo ni zamu yangu, chukua. Mimi nitachukua Jumamosi, kila wiki."

"Na sheria je?" Zebedayo akafoka.

"Njoo uisomee huku mferejini, mwenyekiti," Dorkas akamjibu.

Hakwenda. Maji yakafunguliwa, na kabla jua halijazama shamba la Dorkas lilikuwa limelowa mpaka pembeni.

Mimi, nikitafuta maneno ya kuchonga kwenye sanamu yake siku tutakapomjengea, nikamfuata. "Mwalimu, umekiri kosa Japani mbele ya wasomi, umekiri hapa mbele ya wakulima. Wapi kulikuwa kugumu zaidi?"



"Japani. Hapa palikuwa na jembe."