Mama Mkwe Akae Mbele

Mume wangu wanamwita Pampu. Ni fundi baiskeli, mwembamba kama spoku, na kwake yeye kila chenye pedali ni baiskeli. Mpe cherehani ya miguu, ataitafutia breki. Nampenda, msinielewe vibaya, lakini siku ile ya ziwani nilitamani kumkaanga.

Mama yangu anakaa ng'ambo. Tumetenganishwa na mkono mwembamba tu wa ziwa, na kukiwa na jua naona mpaka nguo alizoanika. Lakini tangu niolewe hajawahi kukanyaga kwangu. Alisema hakunisomesha ili niolewe na mtu wa pancha, na jina la mume wangu hakulitaja hata mara moja. Alikuwa "huyo" tu. Huyo hafiki popote. Basi nikajifungua, baada ya kungoja mpaka watu wakachoka kuniuliza, na mama akatuma salamu: atakuja Jumamosi kumwona mjukuu wake, mradi huyo aje mwenyewe kumchukua. Asipotokea, tusimwite tena. Na mama yangu akisema amesema.

Ijumaa kivuko kikafa injini. Si ndiyo mambo hayo! Barabara inazunguka ziwa zima, na hata gari la kukodi halikupatikana. Nikalia, mtoto naye akanisaidia kulia.

"Mama Mtoto, tulia," Pampu akasema. "Nitamfuata kwa kayaki."

Jirani yetu anakodisha kayaki kwa wageni. Ni mitumbwi myembamba ya plastiki, na aliyoichukua Pampu ilikuwa ya watu wawili, mmoja mbele ya mwenzake, kila mmoja na pedali zake. Ukikanyaga, panga dogo linalozunguka chini ya maji linaisukuma. Pampu ndiye anayezitengeneza zikiharibika. Kuzitengeneza nimesema, sikusema kuziendesha.

Jumamosi yenyewe, kwenda alikwenda kama bwana harusi, upepo unamsukuma mgongoni. Akaniinulia na mkono, majivuno yamemjaa! Mimi nilikuwa dirishani na mtoto begani, na nikaona kitu ambacho yeye hakukiona: upepo ule ule ndio utakaomngoja usoni akirudi.

Sasa sikilizeni akili ya fundi baiskeli. Abiria anapakiwa wapi? Nyuma! Na mama yangu, Mungu amzidishie, si mtu wa kubebwa kwa mkono mmoja. Akakaa nyuma, mwavuli wazi ili jua lisimuunguze, miguu kaikunja mbali na pedali kwa sababu yeye ni mgeni. Pampu mbele, mwepesi kama pamba. Nyuma kukazama, mbele kukanyanyuka, upepo ukaipiga ile pua kofi moja, kayaki ikageuka ikatazama ilikotoka. Akaurudisha usukani, ikageuka tena. Zunguka, zunguka, mpaka mama akapaza sauti, hata mimi nikaisikia:

"Wewe! Unanipeleka kwa mwanangu au unanisokota?"

Pampu akaona hiki ni kilima. Na kwenye kilima mwendesha baiskeli anafanya nini? Anasimama juu ya pedali! Akasimama kweli, jamani, katikati ya maji. Kayaki ikalala ubavu, mama akapiga yowe, mwavuli ukaruka ukaenda zake. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua Pampu alikuwa amekaa, ameloa, anahema. Akaacha kukanyaga apumue kidogo. Wapi! Baiskeli ukipumzika inasimama, ile ukipumzika inarudi. Upepo ukawasindikiza taratibu mpaka pale pale walipoanzia.

Nikajua yamekwisha. Mama atashuka, ataingia kwake, atafunga mlango, na mwanangu atakua akimjua bibi yake kwa kuonyeshwa nguo kwenye kamba.

Mama akashuka kweli. Akasimama ufukweni, mikono kiunoni. Alichosema nimekuja kuambiwa baadaye: "Nimechoka kuutazama mgongo wako. Nenda nyuma, mimi nakaa mbele nione ninakopelekwa."

Wallahi, ni hasira tu ile, hakuna ujuzi wowote hapo. Lakini alipokalia kiti cha mbele, pua ya kayaki iliingia majini ikatulia kama mbuzi aliyefungwa. Mwavuli ulishapotea, kwa hiyo hakukuwa na cha kudakwa na upepo. Pampu akajikunja nyuma yake, akaacha kukimbia, akawa anakanyaga polepole bila kukatisha, akiyapokea mawimbi kwa upande kidogo badala ya kuyagonga uso kwa uso. Katikati ya ziwa upepo ukazidi, wakawa hawaendi mbele wala nyuma. Hapo nikaona magoti mawili makubwa yanapanda na kushuka. Mama yangu anakanyaga pedali! Nikapiga vigelegele peke yangu, mtoto akaamka.

Walifika jioni, miguu ya mama haitaki kumbeba. Aliingia ndani kwangu bila hata kuangalia kuta, akakaa, akanyoosha mikono apewe mjukuu. Akamtazama weee, halafu akamwambia, "Una bahati, umefanana na sisi." Mimi machozi yananitoka tu.

Pampu alibaki mlangoni, anachuruzika maji, anaogopa kuingia nyumbani kwake mwenyewe. Mama akainua macho.

"Umesimama hapo kungoja nini? Ingia ndani, mwanangu, utapata baridi."

Pampu akageuka nyuma, kuangalia ni nani anayeitwa.