Mizizi ya Ukingoni

Siku yangu ya kwanza kwenye kiwanda kidogo cha mafuta, huko Lukenya, nilitarajia koti jeupe. Nilipewa karai na brashi.

"Digrii ya kemia? Basi osha mizizi," alisema Msimamizi, mama mwenye shamba tulilochimba. Sote tulimwita Mwaitu, kama mtu amwitavyo mamake kwa Kikamba.

Ninyi mnaoanza kazi sasa, tulifanya hivi. Mizizi ya vetiva, zile nyasi ndefu za kwenye matuta, ilichimbwa, ikaoshwa, ikakatwakatwa na kujazwa katika pipa la chuma. Mvuke uliipenya, ukapozwa kwenye bomba, na mafuta yakajitenga na maji: mazito, rangi ya asali, harufu ya udongo ulionyeshewa. Watengenezaji wa manukato waliyanunua ili harufu zao zisipotee upesi. Mengine tulitia kwenye sabuni. Wachuuzi walidai yanatibu mgongo, usingizi, hata ndoa.

"Nani amepima?" niliuliza.

"Mgongo, mimi," alisema Mwaitu. "Ndoa sijui. Mzee wangu hapendi kuoga."

Sheria yake ilikuwa moja: tuchimbe ya bondeni tu, tupande tena. Ya ukingo wa matuta haiguswi, maana ndiyo inayoshika mlima. Hilo pia nilihoji, mpaka nilipoona mvua ikiteremka kwa jirani asiye na vetiva, ikibeba udongo wake mwekundu.

Kisha ikaja oda kubwa, na mizizi ya bondeni bado michanga. Meneja wa kiwanda akapanda kutoka mjini Mlolongo.

"Mwaitu, ukingoni iko tele. Tukikosa oda hii, tunafunga."

"Mvua ikija, utauambia udongo nini?"

"Aiya! Tumuulize msomi basi."

Wakanigeukia. Kazi ile niliipenda kuliko nilivyowahi kukiri.

"Isichimbwe," nikasema.

Tulifunga. Nikastaafu kabla ya mvi, kama huko ni kustaafu. Siku ya kuagana Mwaitu alinipa kifungu cha mizizi mikavu. "Harufu ikiisha, inyunyizie maji." Sikuamini.

Sasa nakusanya kodi za nyumba Mlolongo, na vumbi la machimbo ya mawe linaingia hadi kabatini. Matuta ya Mwaitu bado yamesimama, nilipita kuyaona. Jana nilikinusa kile kifungu, hakuna kitu. Nikakinyunyizia maji. Harufu ikajaa chumba, nikajikuta nimekunja mikono ya shati, natafuta karai.