Wimbo wa dada yangu ulitumbukia kwenye sufuria ya muthokoi, kumbe haukuwa kwenye simu

Vijana mnaosoma humu, nawasalimu. Wakuu wenye mvi pia, msijifiche, nawaona.

Sitasema niaje wala mambo, hizo ni zenu. Mimi ni nyanya, nasema hamjambo, na mnajibu hatujambo.

Mjukuu wangu Mwende ndiye alinifungulia akaunti hapa. Alitaka kunirekebishia maandishi nikamkataza. Shule niliiacha mapema, lakini kusema kilichotokea sihitaji cheti. Haya mambo yalitokea nikiwepo, na mwiko ulikuwa mkononi mwangu.

Twende.

Naishi Kileleshwa na kitinda mimba wangu Kyalo na mke wake Faith. Mwende ni mtoto wa binti yangu mkubwa, analala kwetu kwa sababu anafanya kazi Westlands. Sisi ni watu wa Ukambani.

Faith alijifungua msichana. Mtoto wao wa kwanza, na kwetu msichana wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake. Kwa hivyo jina halikuwa la kujadiliwa, aliitwa Nduku, yaani mimi.

Sasa sikilizeni. Kwa ukoo wa mama yangu, msichana akipewa jina, anaimbiwa. Siku ya watu kuja kumwona, mwanamke mkubwa wa ukoo anamshika na kumwimbia majina ya mama zake, mmoja baada ya mwingine, kurudi nyuma mpaka wale ambao hata kaburi lao hatulijui. Wimbo wenyewe ni mfupi. Lakini ukimruka mama mmoja, hujaimba kitu. Unaanza upya.

Huo wimbo alifundishwa dada yangu Mumbua, kwa sababu ndiye kifungua mimba. Mimi nilikuwa wa mwisho. Wakati yeye anafundishwa, mimi nilikuwa natumwa maji. Najua mama watatu tu wa kwanza, halafu napotea.

Mumbua yuko Makueni. Mzima kabisa. Mkali kuliko mimi.

Lakini meno yalikuwa yamemtesa sana, daktari akayang'oa yote, ya juu na ya chini, aletewe ya kuvaa. Na Mumbua, vijana, ni mwanamke wa kujipenda. Hata shambani huvaa hereni.

Kabla ya kung'olewa, alinipigia simu. Ilikuwa Jumapili, niko kanisani, na mimi kanisani huzima simu. Sio kuweka silent. Kuzima.

Nilipoiwasha, nikapata ujumbe kwamba kuna sauti imeachwa. Voicemail. Nikapiga ile nambari, akaongea kwanza mwanamke mmoja kwa Kizungu, halafu dada yangu:

"Nduku, hushiki simu, unaomba nini hayo maombi hayaishi? Naenda kung'olewa meno. Nakuimbia sasa, nikiwa bado na mdomo. Shika wimbo, usinisumbue baadaye."

Akaimba. Wote. Mpaka mwisho.

Niliketi kitandani nikacheka mpaka Faith akaja kuangalia kama niko sawa.

Tangu hapo, kila jioni napiga ile nambari nijifunze. Yule mwanamke wa Kizungu anaongea, namwambia asante mama, halafu namsikiliza Mumbua. Nilidhani ananisalimu. Mtu akikusalimu unajibu.

Na nilikuwa na imani moja, sikuwa na shaka nayo hata kidogo: kwamba dada yangu yuko ndani ya kile kisimu changu. Kabambe, kile cha vitufe. Kyalo alikuwa ameninunulia simu kubwa ya kioo Krismasi, nikaiacha kwenye boksi lake. Ningewezaje kuhama na wimbo uko mle?

Ishara nilipewa lakini sikuiona. Siku moja nilimtembelea rafiki yangu wa kanisa anayeishi Kitisuru, kwenye nyumba ya chini chini ambako network haishiki. Nikataka kumsikilizisha wimbo. Ukakataa. Nikasema ni betri.

Haya. Sherehe ikapangwa Jumamosi. Nikampigia Mumbua, nikamwambia aje aimbe mwenyewe.

"Niimbe na nini? Fizi?"

"Meno yako je?"

"Hayajafika. Nitakuja, nitakunywa supu, sitafungua mdomo. Wimbo nilikupa. Usiniambie umeupoteza."

"Niupoteze vipi, uko kwa simu."

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu. Mkumbuke.

Ijumaa asubuhi nikaweka sufuria kubwa ya muthokoi jikoni. Kwa wasiojua, ni mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, na kama hujala bado hujafika Kenya. Nilikuwa nataka kujua majina yote kufikia jioni, kwa hivyo nilipiga ile nambari na kuchomeka simu kwenye kitambaa cha kichwa, pale sikioni, ili mikono ibaki na mwiko. Wanawake wenzangu mnajua hiyo teknolojia. Hakuna earphone inayoishinda.

Dada yangu anaimba sikioni, mimi nakoroga. Kalunde wa Mutheu, nakoroga. Mutheu wa Mbithe, nakoroga. Nikainama kuonja chumvi.

Simu ikateleza. Tubwi.

Mnajua vile muthokoi huchemka, ni kama tope. Kikazama polepole nikikiangalia. Nikakifukua na mwiko, kinatoa mvuke, na harage moja limeshika kwenye kioo.

Nilipiga nduru. Faith akatoka chumbani na mtoto, Kyalo akatoka bafuni na sabuni masikioni.

"Mwaitu, nini?" Hivyo ndivyo wana wetu huita mama.

"Mumbua ameingia kwenye sufuria!"

Kyalo alikishika kile kisimu kwa taulo, akakigeuza, akakinusa.

"Mwaitu, hii imeiva."

Nilimtazama. Akaacha kucheka. Anajua nikimtazama hivyo.

Faith akasema tukiweke kwenye mchele, mchele hunyonya maji. Nikakizika kwenye ndoo yangu ya pishori, ule mzuri, si ule uliovunjika. Tukangoja. Hakikuamka. Tulichofanikiwa ni kuchafua pishori.

Hapo nilikaa kwenye kiti nikashika kichwa. Sio kwa ajili ya simu. Mtoto ana jina langu, kesho watu wanakuja, na atapokelewa kimya kama mzigo umefika. Na Mumbua ataketi pale akinywa supu, ananiangalia.

Muthokoi tuliula, kama mnauliza. Nilitoa ule wa juu.

Faith, Mungu ambariki, ndiye alisema angalau nikachukue laini upya, watu wa ukoo wasikose kunipata kesho. Nikabeba kitambulisho na lile boksi la simu ya Krismasi, nikamwona Mwende Westlands saa yake ya lunch, akanipeleka kwenye duka la kampuni ya simu.

Foleni ilikuwa ndefu. Mbele yetu mzee mmoja Singasinga, kilemba cha buluu, fimbo mkononi. Tukasalimiana kama wazee.

Zamu ikafika. Msichana wa kaunta, kucha ndefu kama za kuku, lakini mwenye adabu, akaniita shosho, yaani nyanya.

"Shosho, nikusaidie aje?"

Nikamwambia simu imekufa, nataka laini. Kisha, kwa sababu moyo ulikuwa umejaa, nikamwambia na ya wimbo. Yote. Meno, sufuria, kila kitu.

Akaniuliza, "Ilikuwa WhatsApp ama voicemail?"

"Voicemail."

"Basi shosho, hiyo haikuwa kwa simu yako. Angekutumia voice note ingekaa kwa simu. Lakini voicemail inakaa kwetu, kwa network. Simu yako ilikuwa inapiga tu kuisikiliza."

"Kwenu wapi? Humu dukani?"

Vijana, niliangalia nyuma ya kaunta. Kweli. Mwende akanivuta mkono.

"Si hapa, shosho. Kwa mitambo yetu."

"Kwa hivyo wakati wote huu mmekuwa na dada yangu na hamkusema?"

Yule mzee wa kilemba alicheka mpaka fimbo ikamwanguka.

Laini mpya ikawekwa kwenye simu ya kioo. Tukaketi kwenye benchi tukingoja network ishike. Ikashika. Mwende akapiga ile nambari, akaweka loudspeaker. Rafiki yangu wa Kizungu akaanza maneno yake, nami nikamwambia asante mama.

Mwende akageuka, uso umebadilika. Yeye huniita susu, ndiyo nyanya kwetu.

"Susu, unamwambia asante? Anasema hii message isipohifadhiwa inafutwa. Imebakisha kidogo sana iende. Alikuwa anakuuliza ubonyeze."

"Tangu lini?"

"Kila siku!"

Kila siku yule mwanamke ananionya nyumba inaungua, na mimi namshukuru.

"Bonyeza basi! Unaniangalia nini?"

Akabonyeza. Yule msichana wa kaunta akatuita kutoka kule: hata ukihifadhi kwetu, si ya milele. Rekodi kwa simu nyingine, ikae na nyinyi pia.

Mwende hakungoja. Akatoa simu yake, akaibana karibu na yangu, akaanza kurekodi. Na Mumbua akaanza kuimba, ndani ya lile duka, na meno yake yote.

Watu wa foleni wakaanza kunong'ona, wengine wakicheka, mmoja anauliza ni redio gani hiyo. Mzee wa kilemba anagonga fimbo sakafuni, na kusema kweli alikuwa anaenda sawa na wimbo. Lakini kelele ikazidi. Nikasimama.

"Nyamazeni!"

Duka zima likanyamaza. Hata mlinzi wa mlangoni alisimama wima.

Wimbo ukaisha. Watu wakapiga makofi. Nikarudi nyumbani nikitembea kama bibi harusi.

Jumamosi.

Nyumba ilijaa mpaka kwenye ngazi. Pasta alikuja, majirani walikuja, hata yule mama wa ghorofa ya juu anayelalamika juu ya viatu vyetu. Mumbua aliingia na hereni zake, leso imefunika mdomo mpaka puani. Akasalimia kwa macho. Akaletewa supu, akainywa chini ya leso, sijui alifanyaje.

Nikampakata mtoto. Mwende akaunganisha simu yake na spika. Nikawaambia watu, tulieni, dada yangu atamwimbia Nduku.

Sauti ikatoka, safi. Nduku wa Kalunde. Kalunde wa Mutheu. Mutheu wa Mbithe. Wamama wanatikisa vichwa, Faith anafuta machozi. Mbithe wa Katunge. Katunge wa...

"NYAMAZENI!"

Wageni wote wakaganda. Pasta alikuwa na paja la kuku mdomoni, akaliacha hapo hapo bila kutafuna. Watoto wa kwenye ngazi wakakaa chini.

Ilikuwa mimi. Nimerekodiwa.

Nikamwangalia Mumbua. Mabega yanatikisika, leso imeshikwa kwa mikono miwili. Nikadhani analia, nikajua nimemwaibisha.

Akaishusha leso. Alikuwa anacheka, vijana. Fizi tupu, machozi yanamtiririka.

"Zima hiyo kitu," akasema. "Imemruka Kavata."

Na ni kweli. Pale nilipopiga kelele ndipo jina la Kavata lilikuwa linapita. Nimemfunika mama wa watu kwa sauti yangu.

Mwende akasema, "Susu, ngoja, nipige network, kule iko nzima..."

"Network ilimzaa nani?" Mumbua akasimama. "Nipe mtoto."

Nikampa.

Akaanza upya, kama inavyotakiwa. Bila jino hata moja. Maneno mengine yalitoka na upepo, mengine yalitoka na mate, na hakuna aliyeyajali. Alipofika kwa Kavata alilitamka jina kwa nguvu, ananiangalia mimi. Mtoto akapiga mwayo, mdomo wote wazi, na tukaona wako sawasawa, huyu fizi na yule fizi, wanatazamana.

Nyumba ililipuka. Yule mama wa ghorofa ya juu ndiye alicheza kushinda wote, na viatu.

Sasa vijana, nilichojifunza nakisema wazi.

Sauti iliyo kwenye simu inakufa na simu. Iliyo kwa network ni ya kuwekewa na wenye network, wakitaka nafasi yao wanaifuta, na wanakuonya kwa Kizungu. Basi weka pande zote mbili. Na usipoelewa anayekuambia, uliza. Usiseme asante tu.

Mimi sasa najua mama wote mpaka mwisho. Mumbua alikaa kwetu mpaka nikawashika, na aliponikosoa alinipiga kidogo na leso. Meno yake yalifika baadaye. Anasema yanamharibia wimbo.

Wewe unayesoma, una sauti ya nani, na umeiweka wapi? Andika hapo chini. Nitasoma zote, Mwende amenionyesha pa kubonyeza. Na matusi sitaki.

Kwangu nimeshatoa amri, na Kyalo ameisikia kama wengine: Mumbua akifungua mdomo kuimba ndani ya nyumba hii, simu zote ziingie kwenye ndoo ya mchele, na zisitoke mpaka amalize.