Mjukuu Anayetoka Jasho Akinyonya

Niliondoka Handeni kwa sababu mjukuu wangu Saumu alikuwa haongezeki uzito. Wenzake wa umri wake wameanza kugeuka, yeye shingo bado inayumba. Akinyonya kidogo anaachia ziwa, paji la uso limelowa jasho, anahema kama aliyekimbizwa. Majirani wakasema amebemendwa, yaani mama yake kalala na mwanamume mtoto angali ananyonya. Na kwa kuwa mkwe wangu, baba wa mtoto, yuko machimboni, maneno yakaenea. Yalipomfikia akaacha kupiga simu. Uani kwetu hakuingia mtu tena, hata wa kuomba chumvi.

Asubuhi tulipanda basi, mimi, binti yangu Mwanahawa na mtoto. Kituoni walikuwapo wanawake wa kwetu. Hakuna aliyeniamkia.

Njiani nilimwuliza Mwanahawa mara moja tu, "Ni kweli wanayosema?"

"Si kweli, mama."

Basi. Sikumwuliza tena. Akaendelea kutazama mikonge dirishani.

Korogwe tulifikia Kwamndolwa, kwa Mama Elia, mjane wa Kisambaa niliyezoeana naye gulioni. Akampokea mtoto, akampima kwa mikono.

"Huyu mtoto au kifaranga?"

"Kifaranga ni wewe," nikamjibu. "Lete maji tunawe, watu wamechoka."

Tukacheka. Nilikuwa nimesahau kucheka.

Kesho yake hospitali, daktari alisikiliza kifua cha Saumu kwa muda mrefu, kisha akamtazama moyo kwa mashine.

"Bibi, moyo una tundu. Amezaliwa nalo."

"Mama yake kafanya nini?"

"Hajafanya kitu."

"Sema tena, mwenyewe asikie."

Daktari akarudia. Mwanahawa akalia kwa sauti, nami nikamwacha alie.

Tukaelezwa kwamba kunyonya kwa Saumu ni kazi nzito, nguvu anayoipata inaishia humo humo. Anyonyeshwe kidogo kidogo, mara nyingi, apumzishwe. Akichoka, mama akamue maziwa amnyweshe kwa kikombe. Uji bado. Uzito ukipanda, atapelekwa Dar wakamzibe tundu. Usipopanda, itakuwa vigumu.

Niliwaacha kwa Mama Elia, karibu na hospitali, nikarudi peke yangu kwa sababu palizi haingoji. Basi lilipovuka mto Pangani mikono yangu haikujua ikae wapi. Nyumbani nilikuta ua umejaa majani, na kimya.

Siku zikapita, Mwanahawa akapiga simu. "Mama, kaongezeka."

"Sana?"

"Kidogo. Shingo bado."

Nikajifunga khanga, nikaenda kwa jirani aliyeanzisha yale maneno. Hakunikaribisha kukaa, nikasema nimesimama: "Mjukuu wangu ana tundu moyoni, amezaliwa nalo. Nawe ukiona mtoto analowa jasho akinyonya, usimhesabie mama yake wanaume. Mpeleke akasikilizwe kifua."

Nikarudi kusonga ugali wa mtu mmoja.