Simba wa Dhahabu na Ukwaju Wangu

Kiherehere changu ndicho kilichoniponza, simlaumu mtu. Nilikuwa na miezi minne tu Birmingham, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikifanya kazi za ndani kwa bibi mmoja mjane wa Kiingereza huko Edgbaston. Chumba cha juu nilichokuwa nikilala kilikwenda pamoja na kazi. Kazi ikiondoka, na chumba kimeondoka, na mji mzima ule sikuwa na ndugu wala jamaa.

Sebuleni, mbele ya meko ya kuotea moto, walikaa simba wawili wadogo wa Kifaransa, vitu vya kale vya shaba iliyopakwa dhahabu. Zamani kuni ziliegemezwa nyuma yao. Siku hizo kulikuwa na hita ya gesi, wao wamebaki pambo. Alhamisi bibi akaniambia kesho saa tisa anakuja mnunuzi wa vitu vya kale kuwatazama, kisha akaenda zake kwa daktari wa meno. Nikawaangalia. Mtume! Wamefifia, weusi umejaa kwenye manyoya ya shingo. Kwetu Unguja mgeni akija, shaba yote hutolewa uani ikasuguliwa kwa ukwaju na majivu mpaka unajiona uso. Basi nikajitia ufundi. Ukwaju nilikuwa nao, nimeununua duka la Wahindi mtaa wa Alum Rock. Majivu nikayachota kwenye jiko la makaa ya mawe.

Nikamsugua simba mmoja kwa nguvu zangu zote, naimba. Kitambaa kikawa kinameremeta. Nikafurahi, mjinga mimi! Nilipomsuuza ndipo nikaona: pua, mashavu na kifua, dhahabu yote imetoka, imebaki shaba nyekundu tupu. Nikafikiri nimsugue na wa pili ili wafanane; nikamshika kabisa, nikaogopa, nikamrudisha. Yule aliyeharibika nikamgeuzia uso ukutani.

Siku ya pili mnunuzi alimgeuza mara moja tu.

"Nani kafanya ukatili huu?"

Mimi nimesimama mlangoni na sinia la chai. Nilitaka kusema, wallahi nilitaka.

"Mimi," bibi akasema. "Nilikuwa nawasafisha."

Yule bwana akamsomesha kama mtoto wa chuo cha Kurani: dhahabu ya namna ile haisuguliwi, hufutwa vumbi tu kwa kitambaa laini. Bibi akaitikia ndiyo, ndiyo. Bwana akaondoka mikono mitupu.

Mlango ulipofungwa nikaangua kilio. "Ni mimi, bibi."

"Najua ni wewe. Jiko zima linanuka uchachu wako. Lakini mtu haji kukusema ndani ya nyumba yangu. Kukusema ni kazi yangu."

Akanisema basi! Akanisema nikiosha vikombe, akanifuata ngazini ananisema, akanitajia marehemu mumewe aliyewanunua simba wale na jinsi alivyowabeba mapajani njia nzima kutoka Paris. Mimi nasubiri neno moja tu, la kufunga mizigo. Kila akivuta pumzi nasema ndilo hili.

"Na kesho," akasema, bado amekunja uso, "utaanza na madirisha ya mbele."

Nikakaa pale pale ngazini, nikalia upya.